Kuchora maabara inayobadilika ya utafiti wa tiba: anzia juu ya dari

Mwongozo huu ni wa mbunifu majengo aliyezoea shule, ofisi na nyumba za kupangisha, kisha akaangukiwa na kazi ya maabara ya utafiti. Nimeuandika baada ya kukaa na kijana mmoja hapa Dar es Salaam mwenye kazi ya namna hiyo. Ramani zake zilikuwa safi, kila meza na kila sinki mahali pake, lakini kutoka sakafu hadi sakafu aliweka mita 3.3. Tukazikunja, tukaanza upya na mkato wa jengo, yaani mchoro unaolionyesha kama limekatwa wima.

Mteja akisema anataka jengo linalobadilika, ana sababu. Ruzuku ya utafiti ikiisha, kundi la malaria linafungasha na kundi la vinasaba linaingia na mashine zake. Kinachoamua kama hilo litawezekana bila kubomoa ni kimo cha ghorofa na nafasi ya shafti, yaani njia ya wima ya kupitishia mabomba na hewa. Samani zinakuja mbali sana nyuma.

Hatua ya 1: Omba orodha ya mashine

Usimwulize mtafiti anataka chumba cha ukubwa gani; atakutajia mara mbili ya alicho nacho. Mwombe orodha ya mashine: vipimo, uzito, umeme, joto linalotoka, maji, hewa. Iweke kwenye Excel. Programu za kuchora kwa 3D zina wakati wake, na wakati huo si sasa. Zungumza pia na anayeosha vyombo na kuendesha otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke. Huyo ndiye anayejua taka zinapita wapi na milango ipi inakwama.

Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri ina kimo cha karibu mita 2. Ipandishe kwenye toroli uone kama itapita mlango wa mita 2.1. Weka mita 2.4, bawa moja kubwa na jingine dogo.

Hatua ya 2: Chagua kipimo kimoja

Kipimo hicho, au moduli, ni mita 3.3 za upana, si za kimo. Benchi ya sentimita 75 kila upande, njia ya mita 1.65 katikati, sentimita 15 za ukuta. Nguzo kila mita 6.6. Endelea.

Hatua ya 3: Hewa

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo chukua chai yako.

Chumba cha maabara hubadilishiwa hewa kati ya mara 6 na 12 kwa saa. Chukua chumba cha mita 6.6 kwa 9, dari mita 3: ni mita za ujazo 178. Kwa mara 8, unahitaji karibu mita za ujazo 1,430 kwa saa. Sasa mtafiti anaomba kabati moja la kemikali, lile lenye feni ya kutoa mvuke nje. Mdomo wake una upana wa mita 1.5 na umefunguliwa sentimita 45, hewa ikiingia kwa mwendo wa mita 0.5 kwa sekunde. Piga hesabu: karibu mita za ujazo 1,215 kwa saa. Kabati moja linakula hewa inayokaribia ya chumba kizima! Jirani naye akitaka lake mwaka unaofuata na shafti imejaa, jengo lako limegoma kubadilika hata kama meza zote zina magurudumu.

Sasa hesabu ya kimo. Chukua mita 4.2 kutoka sakafu hadi sakafu. Toa sentimita 60 za boriti pamoja na slabu, zinabaki mita 3.6. Unataka dari ya mita 2.7, kwa hiyo una sentimita 90. Ndani yake weka dakti, yaani bomba pana la hewa, ya kuingiza hewa pamoja na sponji lake la kuzuia joto, 40. Dakti ya kutoa, 30. Trei ya nyaya, 10. Bomba la maji machafu la ghorofa ya juu lenye mteremko wa 1 kwa 60 linashuka sentimita 20 katika mita 12. Umeshazidi sentimita 10, na fundi bado hajapata pa kuingiza mkono. Ndiyo maana nang'ang'ania mita 4.5. Mkadiriaji majenzi atalalamika, na mteja atamsikiliza. Waonyeshe hesabu hii wote wawili, kwa mkato uliochorwa kwa kipimo, kila bomba na rangi yake. Punguza vioo vya mbele ya jengo kabla hujagusa kimo.

Aliyelimaliza jambo hili kifahari ni mbunifu majengo Louis Kahn kwenye taasisi ya utafiti ya Salk, La Jolla, California, iliyokamilika mwaka 1965. Juu ya kila ghorofa ya maabara aliweka ghorofa nzima ya mabomba, yenye kimo ambacho fundi anasimama wima, na maabara yenyewe, mita 20 kwa 75 hivi, haina nguzo hata moja katikati. Sisi wengi hatuna bajeti hiyo. Mbadala wangu ni korido ya mafundi nyuma ya maabara, na shafti kila baada ya moduli mbili, robo ya kila shafti ikiachwa tupu. Dari ya bodi siitaki. Acha wazi, paka rangi, fundi aone valvu bila ngazi mbili na tochi.

Kwa Pwani kuna la ziada. Chumba chenye presha ndogo kuliko nje, kama cha kifua kikuu, hufyonza hewa kupitia kila upenyo. Hewa ya nje hapa ni ya joto na imejaa unyevu. Ikigusa dakti baridi inageuka maji, na maji yanatafuta mashine ya bei mbaya zaidi chumbani ndipo yadondokee. Kwa hiyo: hakuna madirisha ya luva upande wa maabara, sponji la dakti lizibwe kila kiungio, na chumba cha presha hasi kizungukwe na korido iliyopozwa, kisipakane na nje. Bati la mabati juu ya paa karibu na bahari huliwa na chumvi. Bomba la kutolea mvuke liwe la plastiki ngumu au chuma cha pua, na lipande walau mita 3 juu ya paa, mbali na linapoingilia hewa safi.

Na pangaboi ni marufuku. Kabati la usalama wa kibayolojia, la kufanyia kazi vimelea, humlinda mfanyakazi kwa pazia jembamba la hewa mdomoni mwake. Pangaboi, mlango unaofunguliwa jirani, au kiyoyozi kinachopuliza moja kwa moja vinalivuruga. Liweke ndani kabisa, mbali na njia ya watu.

Hatua ya 4: Ondoa kuta, siyo zote

Kazi za benchi ziwe ukumbi mmoja. Funga vyumba vya kuoteshea seli, hadubini, mashine zenye kelele, friza na vimelea hatari. Chumba cha usalama wa ngazi ya 3, kile cha vimelea hatari, kikae mwisho wa jengo, kisiwe njia ya mtu. Hadubini za elektroni ziwe chini kabisa, mbali na lifti na jenereta, kwa sababu ya mitikisiko.

Kituo cha Clark cha chuo kikuu cha Stanford, cha mwaka 2003, kina benchi za magurudumu na huduma zinazoshuka kutoka juu. Wazo la kuteremsha umeme na gesi kutoka juu lichukue lote. Magurudumu siyapendi, hukwama kwenye viungio vya vigae. Meza ya chuma ya miguu minne inabebwa na watu wawili. Masinki yabaki ukutani.

Hatua ya 5: Umeme

Soketi nyekundu kwa jenereta, nyeupe kwa gridi. Friza hutoa chumbani joto la umeme wote inaokula, kwa hiyo kiyoyozi cha chumba hicho nacho kiwe kwenye jenereta. Palipo na naitrojeni ya maji weka king'ora cha oksijeni: lita moja hugeuka karibu lita 700 za gesi.

Hatua ya 6: Kukutanisha watu

Thomas Allen wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba mazungumzo kati ya wahandisi huporomoka kadiri meza zao zinavyoachana, na baada ya makumi machache ya mita karibu hayapo. Ghorofa hutenganisha zaidi. Kwa hiyo ngazi moja pana katikati, si mbili zilizofichwa pembeni, na chai ya saa nne sehemu moja tu kwa jengo zima. Ukiweka birika kila ghorofa, umemaliza ushirikiano. Meza za kuandikia ziwe nje ya maabara, nyuma ya kioo, mtu aone majibu yake yanavyokwenda bila kuvaa koti.

Hatua ya 7: Kabla ya kupokea jengo

Washa mitambo yote, funga milango, washa kijiti cha udi, kisogeze chini ya kila mlango. Moshi uingie kwenye chumba hatari, usitoke. Rudia na kabati zote za kemikali zikiwa wazi, halafu zote zikiwa zimefungwa. Mara nyingi moshi hugeuka hapo. Kisha zima umeme wa gridi, uone moshi unaelekea wapi katika sekunde ambazo jenereta bado haijashika. Moshi ukirudi koridoni, usisaini.