Chinchila: nyasi kavu kwanza

Kama unafuga chinchila, mnyama mdogo wa jamii ya wagugunaji mwenye manyoya laini, usihangaike sana na vyakula vya pakiti. Anza na nyasi kavu, ziwepo tunduni usiku na mchana. Meno ya mnyama huyu hayaachi kukua maisha yake yote, na kutafuna nyasi ndefu zenye nyuzinyuzi ndiko kunakoyasaga. Zinuse kabla hujampa: nyasi nzuri zina harufu tamu na ukijani uliofifia. Zikinuka uvundo au zikitimua vumbi la ukungu, tupa.

Peleti, yaani chakula cha pakiti kilichoshindiliwa kuwa vipande vidogo, kijiko kikubwa kimoja au viwili kwa siku vinamtosha. Chukua zisizochanganywa na mbegu wala matunda makavu, maana atadokoa vitamu na kuacha vya maana, kama mtoto anayekula nyama na kuacha mboga. Zabibu kavu, karanga, mkate? Hapana, hata akikukodolea macho. Ukibadilisha chakula, changanya cha zamani na kipya kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili.

Na kila asubuhi tazama kinyesi chake. Kikipungua au kikawa vipunje vidogo vikavu, au akisusa kula, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.