Somo: Kelele za nje, anza na matundu kabla ya kioo

Wakuu, salaam. Nakaa Sinza, baa ipo upande mmoja na daladala zinageuzia upande wa pili. Nilipochoka nikabadilisha dirisha la chumbani, nikaweka kioo kinene, fundi akachukua chake. Usiku huo nikalala nasikia kila wimbo, mpaka maneno. Kumbe kelele ilikuwa inapita juu ya dirisha, kwenye yale matofali ya matundu. Hili somo nimelilipia ada, nyie lisomeni bure.

Kanuni ni moja: panapopita hewa, kelele inapita. Ukuta wa tofali la inchi 6 uliopigwa plasta pande zote mbili hauna neno. Kinachokunyima usingizi ni upenyo.

Hatua ya 1: Itafute njia. Subiri usiku, zima feni, washa kijiti cha udi. Kipitishe taratibu pembeni mwa fremu, chini ya mlango, kwenye tundu la bomba la AC. Moshi ukiyumba, hapo pana njia. Kwangu ulipanda wima kabisa mbele ya kioo kipya. Nilipopanda stuli nikausogeza kwenye matundu, ukavutwa wote kama umeitwa.

Hatua ya 2: Ziba. Kagua kati ya fremu na ukuta. Wapo mafundi wanaosokota karatasi ya mfuko wa saruji, wanashindilia humo, wanapaka plasta juu. Kwangua, jaza saruji, malizia na silikoni. Mlango wa flashi ni mwepesi na ndani una uwazi, kwa hiyo unafanya kazi ya ngoma. Wa mninga au mkongo unahitaji raba tu pembeni na chini.

Hatua ya 3: Dirisha. La luva halina dawa, kila kipande cha kioo kinaacha upenyo wake. La kuslaidi ni afadhali, ila linafunga kwa brashi za manyoya, na manyoya yanapitisha hewa. Chumba cha kulala kinataka dirisha la bawaba, linalojibana kwenye raba.

Sasa kioo. Hata ukiongeza unene mara mbili, unategemea kupunguza kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na sikio huona kelele imepungua nusu inaposhuka desibeli 10 hivi. Kwa hiyo kutoka milimita 5 kwenda 6 ni kumtajirisha muuza vioo. Cha laminetedi, chenye plastiki katikati, kinasaidia zaidi maana ile plastiki inakizuia kutetemeka. Kwa maoni yangu lililo bora kuliko yote ni kuacha dirisha la zamani na kuongeza la pili kwa ndani, uwazi wa sentimita 10 au zaidi katikati. Vioo viwe na unene tofauti, mathalani 4 na 6, ili visipitishe sauti ileile kwa pamoja. Vile vioo viwili vinavyouzwa vikiwa vimeunganishwa kwa uwazi wa milimita 12 hivi kazi yake kubwa ni joto. Na dirisha la ndani lifunguke: moto hauna miadi.

Hatua ya 4: Dari. Panda darini na tochi uangalie ukuta unapoishia na bati linapoanzia. Nyumba nyingi pale pako wazi. Tabaka la pili la jipsamu, maungio yasikutane na ya kwanza, pamoja na sufi ya madini (rockwool) juu yake, vitapunguza hata mvua ya kwenye bati.

Hatua ya 5: Hewa. Ukiziba kila kitu Dar bila AC, utafungua dirisha saa sita usiku na kazi yote imekwisha. Nilichofanya: sanduku la plaiwudi mbele ya matundu, ndani limepambwa sufi ya madini iliyofunikwa kitambaa, hewa inaingilia juu na kutokea chini baada ya kupiga kona mbili. Hewa inapinda, kelele nyingi inamezwa konani.

MASWALI

Mama Zuu: Mimi mpangaji, mwenye nyumba hataki hata msumari. Nifanyeje?

*Jibu:* Dada, raba za gundi kwenye mlango na madirisha, hazitoboi kitu. Kabati la nguo lihamie ukuta wa jirani mwenye redio, kitanda kiende upande wa pili. Pazia zito litapunguza mwangwi, basi.

Kijana wa Mbezi: Mkuu, trei za mayai ukutani vipi? Nimeziona studio.

*Jibu:* Zinapunguza kidogo mwangwi wa humo ndani. Kelele ya nje haiizuii trei, wala sponji la godoro, tena vyote vinashika moto upesi.

Babu Tabata: Nimefanya yote hayo. Sauti za watu zimeisha, lakini ile besi ipo palepale.

*Jibu:* Mzee wangu, shikamoo. Besi inatikisa dirisha, dari na mlango kwa pamoja, marekebisho ya kawaida hayaiwezi. Hapo inabidi sauti ipunguzwe kulekule inakotoka. Anza na serikali ya mtaa, kisha NEMC, wale wa mazingira wa taifa; kanuni za viwango vya kelele na mitetemo zipo tangu 2015. Rekodi siku na saa kwenye daftari kabla hujaenda.

Mgeni: Nina elfu hamsini tu. Nianze wapi?

*Jibu:* Udi, silikoni, raba ya mlango. Matofali ya matundu usiyazibe mpaka ujue hewa itaingilia wapi.