Bahari Ikipata Joto, Usikimbilie Kupanda

Msimu ukikaribia, mkulima akisikia redioni kwamba bahari imepata joto, hukimbilia kutoa mbegu ghalani. Asubiri kwanza. Joto la bahari peke yake halinyeshi mvua.

Mawingu marefu ya mvua kwa kawaida hustawi pale maji ya juu ya bahari yanapofika nyuzi joto 27 hivi na kuendelea. Lakini ziko sehemu za bahari zenye joto hilo hilo, na anga yake haina wingu. Zinakosa pepo za kukutana. Pepo za kaskazini-mashariki na za kusini-mashariki zikikutana karibu na ikweta, hewa ya chini haina pa kwenda ila juu. Ikipanda hupoa, mvuke hugeuka matone, na kila kilo moja ya mvuke huachia joto la jouli milioni 2.5 hivi. Joto hilo huisukuma hewa izidi kupanda na kuvuta nyingine kutoka pembeni, ndipo mawingu yanapojipanga kuwa ukanda. Hewa kavu ikijipenyeza kwenye kimo cha kilomita 3 hadi 5, wingu hukauka kabla halijakomaa, hata bahari iwe na joto namna gani.

Ukanda huo hulifuata jua kaskazini na kusini, kwa kuchelewa, kwa sababu bahari hupata joto polepole. Kuna pia wimbi la angani, walilolieleza wanasayansi wa hali ya hewa Roland Madden na Paul Julian mwaka 1971: kundi kubwa la mawingu linaloelekea mashariki na kujirudia kila baada ya siku 30 hadi 60, likiwa na nguvu zaidi Bahari ya Hindi na magharibi mwa Pasifiki. Kwa maoni yangu, hili ndilo linalowaponza wakulima. Likiwa juu yenu mvua humwagika; likishapita, anga hukauka na miche iliyoota mapema hunyauka.

Kwa hiyo, siku ya kupanda iamuliwe na utabiri wa siku 10 kuliko ule wa msimu mzima. Kisha chimba. Toa udongo wa kina cha sentimita 15 hadi 20, uufumbate: ukishikana bila kuchuruza maji, panda; ukimumunyika kama vumbi, subiri. (Kichanga hakishikani hata kikiwa kibichi, kipime kwa ubaridi wake mkononi.) Juu panaweza kuwa tope, chini pakavu kabisa. Anayepanda kwenye udongo mkavu kabla ya mvua afukie mbegu chini kidogo zaidi, manyunyu yasiiamshe, na abakize mbegu ya kurudishia.