Piloti mupya, masaa 200: vile utatafuta vikazi vya kuruka ukiwa Lubumbashi

Kila mara nikitoka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, kuna mudogo ananisimamisha kwa parkingi, shati nyeupe imepigwa pasi vizuri, ananiambia komandan, niko na leseni ya biashara, niko na masaa 210, nilituma CV kwa kompani zote na hakuna hata moja imejibu. Namuelewa kabisa juu mimi pia nilipita hapo, nyumbani waliuza parseli ya Goma ili nisome, na nilirudi na leseni nikakaa karibu mwaka mzima bila kugusa usukani. Basi niandike yote hapa.

Anza na makaratasi. Kama uko na PPL tu, leseni ya kuruka kwa starehe yako, usipokee pesa ya kuruka, hata kama ni rafiki ya baba anakuambia ni mafuta tu. Ya kulipwa ni CPL, ile leseni ya biashara, na ICAO, shirika la dunia la usafiri wa ndege, inaomba masaa 200, ao 150 kama ulisoma kozi iliyokubaliwa toka mwanzo mpaka mwisho. ATPL, leseni ya juu ya komandan wa ndege kubwa, ni masaa 1,500, kwa hiyo kutoka 200 mpaka 1,500 njo mto tunaongelea hapa. Leseni ya Afrika Kusini ao ya Kenya haikuruhusu kukaa kwa ndege iliyoandikishwa Congo mpaka AAC, mamlaka ya ndege ya Congo, iikubali, na hiyo inachukua muda, basi ianze leo, usingoje kompani ikuite. Medikali ya klasi 1 ni miezi 12 kama hujafika miaka 40. Kiingereza levo 4 unapimwa tena kila miaka 3. Nasisitiza hii juu vikazi vidogo vinakuja ghafla: simu inalia alhamisi usiku, kopiloti wao ana malaria, ndege inatoka jumamosi alfajiri, na kazi inaenda kwa ule ambaye makaratasi yake yote iko sawa, hata kama wewe unaruka vizuri kumupita.

Sasa kwa nini vikazi ni vichache kwetu? Kule ng'ambo piloti mupya anafundisha wengine, anabeba watu wa parashuti, anavuta bango angani, yote na vindege vya pistoni vinavyokunywa Avgas, petroli ya ndege. Huku Avgas ni shida kupata na bei yake kali, kompani nyingi ziko na ndege za injini ya tabini zinazokunywa Jet A1, mafuta ya taa ya ndege: Caravan, Let 410, na kadhalika. Kwa hiyo ile ngazi ya chini haiko sana. Kiti chako ni cha kuume.

Let 410 inaomba mapiloti wawili na leseni yako lazima iandikwe hiyo aina ya ndege, basi uliza nani analipa hayo mafunzo na utafungwa miaka ngapi kabla hujatia sahihi. Caravan ni tofauti: kwa kitabu chake piloti mmoja anatosha, lakini wateja wakubwa kama kompani za migodi na mashirika ya misaada mara nyingi wanadai wawili ndani, na hapo njo mulango wako unafunguka. Swali la kuuliza mbele ya yote: haya masaa nitayaandika kwa logibuku, kitabu changu cha masaa, kama kopiloti kihalali? Kama ile safari haiombi kopiloti kwa mukataba ao kwa kitabu cha operesheni cha kompani, unakaa tu kama abiria aliyevaa mabega, na siku moja mukaguzi atayafuta yote.

Kuyapata sasa. CV ya mail peke yake haifanye kitu. Nenda mwenyewe, na usitafute dairekta, tafuta ule shefu wa operesheni anayepanga ndege za kesho, juu yeye njo anajua nani amegonjwa. Mwachie meseji fupi kwa watsapu, kama hivi: "Bonjour shefu, ni piloti tulionana leo asubuhi. CPL, IR na injini mbili, masaa 230, medikali mpaka mwezi wa sita, niko Lubumbashi, nafika Luano kwa dakika 40, hata usiku." Basi. IR ni ruhusa ya kuruka kwa vyombo tu, bila kuona nje. Mukumbushe kila wiki mbili, si kila siku.

Na uombe kazi ya chini. Mimi niliingia kwa kupima mizigo, miezi sita, magunia na masanduku, najaza karatasi ya uzito na kutafuta senta ya uzito kabla komandan hajafika. Wenzangu walisema nimejishusha. Lakini pale nilijifunza kitu shule ilinipitishia haraka: Luano iko kwa mita 1,300 na kidogo, siku ya joto la 30 ndege inajisikia kama iko juu ya mita 2,100, propela inashika hewa nyepesi, bawa pia, na ile Caravan ya kilo 3,969 inakula pisti ndefu sana kuliko kule Moanda kando ya bahari. Kavumu, uwanja wa Bukavu, iko juu zaidi, karibu 1,700. Makomanda waliona hesabu zangu zinakuwa sawa kila asubuhi, na siku kiti kilibaki wazi mmoja akasema, mupeleke ule wa mizani.

Kama huku imekauka, kuna Maun, Botswana, unapita Kasumbalesa na Zambia yote kwa bus. Pale piloti wa masaa 200 wanazunguka kwa milango ya kompani za safari zinazopeleka watalii Okavango na Cessna 206 na ndugu zake. Watalii wanajaa toka mwezi wa sita mpaka wa kumi, kwa hiyo fika mapema kabla ya musimu, uwe na pesa ya kukaa miezi, na ujue wanatanguliza watoto wa nchi, ruhusa ya kazi si rahisi.

Mitego sasa. Ule anayekuambia ulipe wewe ili ukae kopiloti, mwache. Masaa ya kuandika nyumbani kwa kalamu, hapana kabisa, komandan anakujua dakika kumi tu baada ya kuruka. Na uzito. Sisi wa Goma tunaikumbuka tarehe 24 Novemba 2019, Dornier 228 ilitoka tu pistini ikaanguka kwa manyumba ya Mapendo. Sisemi nini iliiangusha. Nasema kila nikisaini karatasi ya mizigo naona ile mitaa, watoto, mama anauza ndizi. Kompani moja iliniomba niandike kilo zisizo za kweli, nilikataa na hawakuniita tena, na ilinikalia vibaya kwa tumbo wiki nzima juu nilikuwa na kodi ya kulipa. Ukatae tu.

Ukiwa na kompani mbili, waambie wote wawili masaa yako, juu kikomo cha kuruka kinahesabu yote pamoja. Na usiachie siku 90 zipite bila kuruka na kutua mara tatu, hata kama unalipia nusu saa kwa ndege ya mutu. Siku zingine fanya kazi nyingine, fundisha hesabu, uza vitu, hakuna haya.

Luano uende alfajiri, kabla mizigo haijapandishwa. Ile saa shefu wa operesheni yuko nje, amesimama, na bado hajajua kama watu wake wote watafika.