Kutafuta mwenzi wa ndoa Uganda: kutoka hamu hadi cheti

Aliyehamia Kampala kutoka Arua, Busia au Mbarara hupishana na mamia ya watu kwa siku, na hakuna hata mmoja anayemjua mama yake. Hapo ndipo ugumu wa kupata mchumba mjini ulipo. Kijijini shangazi alizijua nyumba zote mbili: nani ana hasira, nani ana madeni, ukoo gani hauoani na upi. Mjini kazi hiyo imekosa mwenyewe, na wewe mwenye hamu ya ndoa umebaki na simu yako na swali la "utaoa lini?" au "utaolewa lini?" kila Krismasi na kila Idi. Hamu hiyo ni ya heshima, usiionee aibu. Kinachohitajika ni kumrudisha shangazi kazini, kisha kwenda kwa mpangilio.

Andika kabla hujatafuta

Chukua nusu ukurasa. Andika mambo yasiyozidi manne usiyoweza kuyalegeza. Kwa wengi ni dini, watoto (pamoja na kama utapokea wale ambao mwenzako anao tayari), mahali pa kuishi, na kama ndoa itakuwa ya mke mmoja. Urefu, rangi na aina ya kazi visiingie humo. Mwenye orodha ya masharti kumi na tano mara nyingi anaogopa ndoa yenyewe. Chini yake andika unacholeta wewe: kipato, madeni, watoto, wazazi unaowatunza. Sehemu hii ikikushinda kuandika, ahirisha kutafuta mwezi mmoja uiweke sawa, maana ndiyo utakayoulizwa.

Watu watatu

Chagua mmoja wa ukoo, mmoja wa msikitini au kanisani, na mmoja wa kazini au kwenye chama cha akiba. Kwa Waganda, yaani watu wa kabila la Baganda, wa ukoo ni ssenga, dada wa baba, na kazi hii ni haki yake kabisa. Kila mmoja awe anajua kutunza siri, na asiwe na faida yoyote atakayoipata mkioana.

Mwambie ana kwa ana, kwa maneno kamili: "Shangazi, niko tayari kuoa. Natafuta mtu wa dini yetu, aliye tayari kuishi Mbale, na nina mtoto wa miaka minne. Ukimwona anayefaa, muulize kwanza kama naye anatafuta, halafu utukutanishe." Wengi hukosea hapa kwa kusema "nitafutie mtu" tu, kisha hulalamika kwamba wameletewa mtu yeyote. Wengine hutangaza kwenye kundi la WhatsApp la familia, na kuanzia siku hiyo kila hatua yao inajadiliwa na watu arobaini. Wape hao watatu miezi mitatu na uwakumbushe mara moja tu.

Kutafuta mtandaoni kunaweza kufaa, ila kwa masharti. Ndani ya wiki mbili zungumzeni kwa video, na ndani ya mwezi muonane. Anayekwepa video kila mara, akisema kamera imeharibika au mtandao mbovu, achana naye bila ugomvi.

Suala la nauli

Hili tunalikazia kwa sababu linavunja uchumba mwingi kabla haujaanza. Mwanamume anatuma nauli kwa pesa za simu, mwanamke haji, simu inazimwa. Au mwanamke anakuja kwa nauli aliyotumiwa, kisha mwenzake anajiona amenunua haki fulani. Kanuni ni moja kwa wote wawili: hakuna anayetuma pesa kabla ya kuonana. Kama mko miji tofauti, mwenye uwezo zaidi ndiye asafiri, na mkutane kwenye mji ambao mwingine anaishi. Kama mtu anastahili kurudishiwa nauli, arudishiwe mkononi wakati wa kuagana.

Mikutano mitatu ya kwanza iwe mchana, mahali pa watu wengi, saa moja hadi saa moja na nusu. Soda inatosha. Mwambie rafiki yako uko wapi na utarudi saa ngapi. Chumbani kwa mtu si mahali pa kufahamiana.

Siku hiyo ya kwanza ulizeni ukoo, tena mapema. Muganda haoi katika ukoo wa baba yake wala wa mama yake, kwa hiyo kila mmoja ataje miziro yote miwili, yaani mnyama au kitu kinachotambulisha kila ukoo. Walugbara na Waacholi nao hawaoani ndani ya ukoo mmoja. Kuna watu wamegundua jambo hili mwaka wa pili, wazee walipokaa, na machozi yake ni mengi kuliko ya swali la dakika mbili.

Miezi sita ya kumwangalia

Maneno matamu hayapimiki, mwenendo hupimika. Katika miezi sita mwone katika hali nne: akiwa na wazazi wake, akiwa hana pesa, akiwa amekasirika, na akiwa na mtu asiyeweza kumfaidi kitu, kama mhudumu wa hoteli au mwendesha bodaboda. Anayemtukana wa bodaboda kwa shilingi mia tano atakutukana wewe pia siku sukari itakapoisha.

Ulizeni pia yale yanayokwepwa. Nani anamtegemea kila mwezi, na kwa kiasi gani? Ana mkopo wa SACCO, chama cha akiba na mikopo? Ardhi ya kujenga ni ya nani, na jina la nani litaandikwa? Yeye na mama au baba wa mtoto wake huzungumza mara ngapi? Kwa Waacholi, mtoto akizaliwa kabla ya mahari, familia ya mwanamume hutozwa faini iitwayo luk. Kama mmoja wenu ana deni hilo, lijulikane sasa.

Kliniki, wote wawili, siku moja

Pimeni mambo matatu: VVU, homa ya ini aina ya B, na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Majibu yasomwe mkiwa pamoja. Kipimo cha VVU kirudiwe baada ya miezi mitatu, kwa sababu maambukizi mapya yanaweza yasionekane mara ya kwanza. Mmoja akiwa na VVU, uchumba haufi kwa hilo: anayemeza dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana, na dawa hutolewa bure kwenye vituo vya serikali. Homa ya ini aina ya B ina chanjo. Mtu mzima huchanjwa mara tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita.

Selimundu ndiyo inayosahaulika zaidi. Uchunguzi wa kitaifa wa watoto wachanga uliochapishwa 2016 ulikuta takriban 13 katika kila 100 wamebeba jeni yake, na viwango vilikuwa juu zaidi kaskazini ya kati na Busoga. Aliyebeba kwa kawaida huwa mzima, hajui chochote. Wawili waliobeba wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Msikatazane kwa hilo, lakini amueni mkijua. Majibu haya hayajibiwi kwa sala pekee wala kwa kukana. Ongeeni na mhudumu wa afya.

Uchunguzi

Nenda kwao, tena zaidi ya mara moja, na siku moja uende bila sherehe. Zungumza na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji au mtaa, anakoishi. Unaweza kuomba URSB, ofisi ya usajili wa ndoa, barua ya hali ya ndoa. Fahamu mpaka wake: inaonyesha ndoa zilizosajiliwa tu. Ndoa ya kimila isiyosajiliwa haitaonekana, na nyingi ziko hivyo. Ndiyo maana LC1 na majirani bado wana kazi.

Kwenda kwa wazazi

Kwa Waganda kuna kukyala kwanza, ziara ndogo ya watu wachache kupitia ssenga, halafu kwanjula yenyewe, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi. Wanyankole wana kuhingira, sherehe ya kumuaga binti, na hesabu ya ng'ombe. Waislamu wana posa, na mahari ni mali ya bibi arusi mwenyewe, tofauti na vitu vinavyopewa ukoo.

Pata orodha ya mahitaji kwa maandishi kabla ya tarehe kupangwa. Kwenye kwanjula haikosi kanzu za wanaume, gomesi za kina mama, sukari, sabuni, nyama na jogoo wa shemeji. Piga hesabu ya kila kitu, ongeza sehemu ya kumi kwa yanayosahaulika, kisha mwambie msemaji wenu kiwango cha mwisho. Asijadili zaidi ya hapo. Usikope kwa ajili ya siku hii. Wanandoa wanaoanza maisha wakilipa mkopo wa hema na matarumbeta hugombana juu ya mkopo, na hudhani wamekosana mapenzi.

Tarehe 6 Agosti 2015 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mahari ni halali, lakini kudai irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Mwanamke asilazimishwe kubaki kwenye kipigo kwa sababu ya ng'ombe walioliwa.

Sheria

Wote muwe na miaka 18 au zaidi na mkubali kwa hiari, ndivyo Katiba ya 1995 inavyosema. Kukaa pamoja miaka kumi na kuzaa watoto hakufanyi ndoa Uganda, na wajane wengi wamelijua hilo baada ya mazishi. Ndoa ya kiserikali hutangulizwa na tangazo la siku 21, na ifungwe ndani ya miezi mitatu tangu tangazo. Ndoa ya kimila isajiliwe ndani ya miezi sita baada ya sherehe, kwa msajili wa kaunti ndogo au mji, mkiwa na mashahidi wawili. Kwanjula bila usajili huwaacha na picha nzuri na ugumu wa kuthibitisha.

Kabla ya kutia sahihi linganisha majina herufi kwa herufi na vitambulisho vya taifa. Herufi moja ikikosewa, pasipoti na mirathi huja kukwama. Ombeni nakala mbili zilizothibitishwa, moja ikae nyumbani na nyingine kwa mtu mnayemwamini.