Kabla Hujahamia Des Moines: Mambo ya Kuzingatia kwa Anayekimbia Kodi Kubwa ya Pango

Anayekuambia kuwa maisha ya Des Moines ni nafuu hakudanganyi. Katika mji huu mkuu wa jimbo la Iowa, nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu bado hupatikana kwa chini ya dola 250,000, bei ambayo kwa mtu anayepanga Boston au Seattle ni ndoto. Ndiyo maana Wakongomani, Warundi, Wakenya na Watanzania wanaobanwa na kodi za pwani zote mbili za Marekani wanauulizia mji huu kila mara. Nami naamini kweli kwamba Des Moines inaweza kumpa mtu wa kipato cha kawaida kile ambacho miji mikubwa imemnyima: mlango wa kwake mwenyewe.

Ila kodi ya pango ni sehemu moja tu ya gharama za mwezi. Pesa unazookoa hapo zina matundu yake ya kutokea, hasa gari na joto la nyumba. Atakayepiga hesabu ya mwezi mzima kabla ya kufunga mizigo atafurahia kuhama. Atakayepiga hesabu ya kodi peke yake atashangaa ifikapo Januari.

Anza na mshahara. Kima cha chini cha mshahara Iowa ni dola 7.25 kwa saa, kile kile cha serikali kuu ambacho hakijapanda tangu 2009, wakati jimbo la Washington limeshapita dola 16. Waajiri wengi wa Des Moines hulipa zaidi ya hicho kima cha chini, lakini usidhani mshahara wako wa Seattle utakufuata. Uliza kazi ile ile unayoifanya inalipwa kiasi gani huku, ndipo ulinganishe. Kodi ya mapato ya jimbo ni asilimia 3.8 kwa kila mtu tangu 2025: anayetoka Massachusetts ataona nafuu, anayetoka Texas au Florida, ambako kodi hiyo haipo, ataona pengo kwenye hundi yake ya kwanza. Dukani utalipa asilimia 7 juu ya bei, isipokuwa vyakula vingi vya kwenda kupika nyumbani.

Sasa gari, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo familia nyingi zinapokwama. Mji una mabasi ya shirika la DART, na mchana wa siku za kazi yanamsaidia mtu anayekaa karibu na katikati ya mji. Lakini maghala makubwa na viwanda viko pembezoni, na shifti ya pili inaisha saa tano na nusu usiku, wakati kusubiri basi ni kujidanganya. Ukiwa huna gari unamtegemea mwenzako wa kazini. Siku mwenzako akiumwa, nawe kazi huna. Kwa familia yenye wazazi wawili wanaofanya kazi sehemu mbili tofauti, gari moja halitoshi kwa muda mrefu. Kwa hiyo katika hesabu yako weka magari mawili, bima mbili, mafuta, betri mpya kabla ya baridi, na matairi yenye meno. Bima ya gari Iowa huwa nafuu kuliko majimbo mengi, na hakuna ukaguzi wa kila mwaka wa gari. Hilo la pili lina upande wake mbaya: chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji hula chuma, na magari yaliyooza chini huuzwa kwa bei ya kuvutia. Kabla ya kununua, mpelekee fundi alinyanyue alitazame tumboni.

Leseni ishughulikie mapema. Aliye na leseni ya jimbo lingine kwa kawaida huibadilisha bila kufanya mtihani wa barabarani. Aliye na leseni ya Kenya, Tanzania au Kongo ataanza mwanzo: macho, maswali, kisha kuendesha. Gari ulilokuja nalo lina siku 30 za kusajiliwa Iowa.

Baridi yenyewe watu huisimulia sana, tena kwa vitisho, kwa hiyo nitasema yale ya kujiandalia tu. Usiku wa Januari wa kawaida hushuka hadi karibu nyuzi 10 za Selsiasi chini ya sifuri, na kuna siku zinazoshuka maradufu ya hapo. Kinachomuumiza mgeni ni viatu vibaya na kutokwa jasho kisha kutoka nje, kuliko idadi ya makoti. Nunua buti zisizopitisha maji na glavu nzito kwa kila mtoto, maana shule haifungwi kwa sababu ya baridi ya kawaida, na watoto husubiri basi nje. Gari liweke koleo, blanketi na kikwangulio cha kioo. Mamlaka ya mji ikitangaza dharura ya theluji, kuegesha kwenye barabara nyingi ni marufuku, na gari lako litapigwa faini au kuvutwa. Basi unapotafuta nyumba, swali la maegesho liko sawa na swali la idadi ya vyumba.

Bili ya joto ndiyo inayovunja bajeti. Nyumba nyingi za bei rahisi za upande wa kaskazini na mashariki ya mji ni za zamani, madirisha yake ni ya zamani, na kuta zake hazikuzibwa vizuri. Kabla ya kusaini mkataba, mwombe mwenye nyumba au kampuni ya umeme na gesi wakuambie bili za Januari na Februari zilikuwa kiasi gani. Nyumba yenye kodi ndogo kwa dola 100 inaweza kuzirudisha zote kwenye gesi. Familia za kipato kidogo zina msaada wa serikali wa bili za joto, na aliyekubaliwa katika mpango huo hawezi kukatiwa huduma kati ya Novemba 1 na Aprili 1. Deni lakini linaendelea kuhesabiwa, na Aprili linadaiwa. Lipa kidogo kidogo hata kama hawakukati.

Amana ya nyumba kisheria haiwezi kuzidi kodi ya miezi miwili, na ukihama mwenye nyumba ana siku 30 za kuirudisha au kukueleza kwa maandishi kwa nini ameizuia, mradi umemwachia anwani yako mpya. Piga picha kila ukuta siku ya kuingia.

Kwa anayenunua, kuna jambo ambalo wenyeji wa Iowa wanalijua na wageni wengi hawajawahi kulisikia: radoni. Ni gesi isiyo na rangi wala harufu, inayotoka kwenye udongo na kujikusanya ndani ya nyumba, hasa kwenye chumba cha chini ya ardhi. Marekani inaihesabu kuwa ya pili, baada ya sigara, kwa kusababisha saratani ya mapafu, na kaunti zote 99 za Iowa zimo katika kundi la hatari ya juu kabisa. Sisi ndio tunaowalaza watoto au wazee kwenye vyumba hivyo vya chini kwa sababu familia ni kubwa. Kipimo ni cha bei ndogo na hutumii fundi. Kiwango kikifika 4 au zaidi kwa kipimo cha Marekani, nyumba inahitaji bomba na feni ya kuitoa gesi nje, kazi ya dola elfu moja hadi mbili na ushee, na unaweza kumtaka muuzaji ailipe kabla hujasaini. Ukikuta bomba jeupe la plastiki linatoka sakafuni na kupanda hadi nje ya nyumba, lichungulie: huwa limebandikwa kijimrija cha umbo la U chenye maji ya rangi. Maji yakiwa yamesimama sawasawa pande zote mbili, feni haifanyi kazi.

Chumba hicho hicho cha chini ndiyo kinga yako king'ora cha kimbunga kikilia. Mei 21, 2024, kimbunga kilipiga mji mdogo wa Greenfield, kusini-magharibi ya Des Moines, kikaua watu na kubomoa nyumba kwa safu. Agosti 10, 2020, upepo mkali ulivuka jimbo na kuangusha zaidi ya nusu ya miti ya mji wa Cedar Rapids, na nguzo za umeme pamoja. Vingi vya ving'ora utakavyosikia ni vya majaribio ya kila mwezi, lakini watoto wafundishwe mapema pa kukimbilia. Anayekodi fleti ya ghorofa ya juu aulize wapangaji hukusanyika wapi.

Mito miwili, Des Moines na Raccoon, inakutana katikati ya mji. Mwaka 1993 mafuriko yalizamisha mtambo wa maji, na watu robo milioni walikaa siku nyingi bila maji ya bomba. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko, ni bima ya peke yake. Mito hiyo pia hubeba mbolea kutoka mashambani. Kiangazi cha 2025 nitrati, kemikali ya mbolea hiyo, ilipanda hadi umwagiliaji wa bustani ukapigwa marufuku ili mitambo imudu kusafisha maji ya kunywa. Mwenye mtoto mchanga anayekunywa maziwa ya kopo afuatilie matangazo hayo.

Kodi ya ardhi na nyumba, ile ya serikali, ndiyo inayowashtua wanunuzi, kwa sababu si ndogo ukiilinganisha na bei ya nyumba. Inalipwa Septemba na Machi. Tazama bili ya mwaka uliopita, na ukishahamia omba punguzo la mwenye kuishi katika nyumba yake kabla ya Julai 1. Haliji lenyewe, lazima uandike.

Kuhusu kazi, nina neno moja la kusisitiza. Wengi huvutwa Iowa na viwanda vya nyama vya miji kama Waterloo, Marshalltown na Ottumwa, ambako kodi ni ndogo zaidi na huulizwi Kiingereza kingi. Kazi ipo na inalipa, lakini ni ya mikono na mabega, kwenye baridi ya jokofu, kisu mkononi mwendo ule ule shifti nzima. Na mji mdogo wenye mwajiri mmoja ni hatari. Juni 2024 kampuni ya Tyson ilifunga kiwanda cha Perry, mji wa watu wapatao 8,000, na watu karibu 1,300 wakakosa kazi kwa mpigo. Mwenye nyumba pale aliiuza kwa nani? Des Moines ina kampuni za bima, hospitali, ofisi za jimbo, maghala na vyuo. Mlango mmoja ukifungwa, unabisha mwingine. Ndiyo sababu namshauri mtu akubali kulipa kodi kubwa kidogo akae mjini.

Wauguzi wasihame kabla leseni haijajibiwa. Iowa imo katika mkataba wa majimbo yanayotambua leseni moja, California haimo. Anayetoka jimbo la mkataba ana siku 60 za kuomba leseni ya makazi mapya. Wasaidizi wa wauguzi nao wahakikishe majina yao yamehamishwa kwenye daftari la Iowa, maana nyumba ya wazee haitakupangia zamu bila hilo.

Watu wapo. Kuna makanisa yanayosali kwa Kiswahili na Kirundi, kuna maduka ya unga mweupe wa ugali na dagaa, kwani mahindi ya Iowa unayoyaona kandokando ya barabara ni ya mifugo na mafuta ya magari. Misikiti ipo, na Cedar Rapids ina msikiti uliojengwa 1934, miongoni mwa mikongwe zaidi ya Marekani. Shirika la Lutheran Services in Iowa lilianzisha mradi wa Global Greens, ambapo wakimbizi wakiwemo Warundi na Wanyarwanda wamepata viwanja vya kulima mboga na kuziuza sokoni. Mzee aliyekaa ndani miezi sita ya baridi, bila lugha wala gari, akipata mstari wake wa lengalenga, yaani mchicha, mwezi Juni, hali yake hubadilika hata uso. Lakini jamii ni ndogo kuliko ya Boston au Maryland, na wengi wametawanyika. Kama uko kwenye chama cha kufa na kuzikana ulikotoka, usijitoe mpaka umejiunga na kingine. Kusafirisha mwili hadi Bukavu au Mombasa ni gharama kubwa, tena kutoka hapa hakuna ndege ya moja kwa moja hata ya kuvuka bahari.

Karatasi za uhamiaji ndizo zisizosubiri. Asiye raia anatakiwa kuitaarifu idara ya uhamiaji anwani mpya ndani ya siku 10. Mwenye kesi mahakamani ana siku 5 za kuiambia mahakama, na hiyo ni fomu nyingine kabisa. Kuhama hakuhamishi kesi: mpaka jaji akubali ombi lako, unatakiwa kufika mahakama ya zamani, na ikihamishwa huenda Omaha, katika jimbo jirani la Nebraska, mwendo wa saa mbili kwa gari. Asiyefika anaweza kuamriwa aondolewe nchini akiwa hayupo. Zungumza na wakili wako kabla ya kukodi lori.

Njoo kwanza Februari, ulale wiki moja kwa ndugu au rafiki, uendeshe gari kwenda kazini kwa saa ile ile utakayokuwa ukienda. Ukiridhika, hama Juni. Shule zimefungwa, barabara ni kavu kwa mtihani wa leseni, na una miezi mitano ya kuweka akiba ya gesi.