Difu ya nyuma ya Land Rover Series: itambue kabla hujaenda kununua

Difu ni gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa matairi. Ukifika kwenye maduka ya spea za mtumba Ilala, Dar es Salaam, ukasema tu "nataka difu ya Land Rover", utauziwa iliyopo. Nenda ukiwa na majibu matatu: aina ya ekseli, uwiano (propela huzunguka mara ngapi kwa mzunguko mmoja wa matairi), na idadi ya meno kwenye ncha ya hafushafti, yaani shafti inayotoka kwenye difu hadi tairi.

1. Aina. Chungulia chini. Kama nyuma ya kombe la difu ni duara laini lisilo na bolti, hiyo ni aina ya Rover. Difu yake hutolewa kwa mbele baada ya kufungua nati 10. Kama ni chuma kinene cha kumiminwa, chenye mfuniko wa bolti kwa nyuma, hiyo ni Salisbury, inayopatikana hasa kwenye 109 (Land Rover ndefu, yenye inchi 109 kati ya ekseli). Hizi mbili hazibadilishani. Mwongozo huu unahusu Rover.

2. Uwiano. Hapa wengi hukosea. Handibreki ya Series hushika propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu), haishiki matairi, kwa hiyo ukiinua tairi moja tu la nyuma gari linaweza kutembea hata kama umeivuta. Kinga matairi ya mbele kwa magogo, mbele na nyuma, ndipo uinue tairi moja la nyuma na kuweka stendi. Weka nyutro, achia handibreki, piga alama ya chaki kwenye propela na kwenye tairi. Zungusha tairi mara 20 kamili, mwenzako akihesabu propela. Kwa kuwa tairi la pili limesimama, mizunguko 20 ya tairi ni 10 ya krauni, gia kubwa ya difu inayozungushwa na pinioni, gia ndogo ya upande wa propela. Propela ikizunguka mara 47, difu ni 4.7, ikizunguka 35 na ushee, ni 3.54. Ikiwa difu iko mezani, hesabu meno: krauni 47 kwa pinioni 10, au 46 kwa 13.

3. Hafushafti. Fungua bolti 6 za flenji ya habu, vuta shafti, hesabu meno ya ncha ya ndani. Series aina ya Rover ina 10. Range Rover za zamani zina difu ya 3.54 yenye meno 10 pia, nayo inaingia moja kwa moja. Za baadaye zina 24, hazikubali shafti zako. Usiamini mwaka anaokutajia muuzaji, hesabu.

4. Uchaguzi. 3.54 huongeza mwendo kwa karibu theluthi moja kwa mizunguko ileile ya injini. Inanoga Dar hadi Chalinze, lakini injini ya petroli ya lita 2.25 ikiwa na mzigo kwenye mlima wa Kitonga itakulazimisha kushusha gia mapema. Kwa injini hiyo, baki na 4.7. Ukibadilisha, badilisha na ya mbele, la sivyo ukiweka 4x4 difu zitavutana mpaka kitu kivunjike. Spidomita nayo itadanganya: ikisoma 50 unakwenda 66, na tochi ya trafiki haisomi spidomita yako.

5. Ukaguzi dukani. Nunua difu nzima. Krauni na pinioni husagwa pamoja na huwa na namba inayolingana, ukichanganya, zitalia. Kataa meno yaliyomeguka, yenye vishimo au rangi ya bluu ya kuungua. Mchezo (kulegea) kati ya krauni na pinioni uwe milimita 0.20 hadi 0.25. Pinioni ikicheza juu na chini, beringi imekwisha.

6. Kufunga. Mwaga oili. Ikiwa kama maziwa, maji yameingia, jambo la kawaida kwa gari lililopita bonde la Jangwani, Dar, wakati wa mafuriko; zibua kipumulio cha ekseli. Vuta hafushafti zote mbili, kisha fungua propela kwa spana ya inchi 9/16. Ya 14 ni ndogo kidogo, ya 15 itakula pembe za nati. Difu ni nzito, ishushe na mtu wa pili. Weka gasketi mpya, funga, jaza oili ya gia ya EP90 kama lita 1.75 hadi ifike kwenye tundu la kujazia, gari likiwa limesimama sawa.